Windows 11 mpya na gemu lisiloungana: yale ambayo mfumo wa zamani ulikuwa umeyazoea

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo watu wengi wamefuta mashine zao na kuweka Windows 11. Lalamiko linalofuata hufanana karibu kwa kila mtu. Video zinacheza, WhatsApp inafunguka, spidi ukiipima ni ileile, ila gemu la mtandaoni limegoma. Linakwama kwenye kuingia akaunti. Au linaingia mpaka lobi lakini sauti za wenzako huzisikii. Au mechi inaanza vizuri, na dakika ya tatu linakutupa nje.

Kinachopoteza siku nzima hapo ni kubahatisha: unabadilisha DNS, unaweka VPN, unaitoa, unafuta Windows mara ya pili. Uzoefu wa mashine nyingi za namna hii umetufundisha kuanza na swali moja: Windows ya zamani ilikuwa inajua nini ambacho hii mpya haijaambiwa? Ile ya zamani iliishi na ruta yako miaka kadhaa. Iliambiwa kwamba mtandao huu ni wa nyumbani, gemu hili limeruhusiwa, anwani ya mashine ni 192.168.1.50, saa ni ya Nairobi, draiva ya Wi-Fi ni ile ya kiwanda. Ulipofuta diski, yote hayo yalikwenda na maji. Intaneti haijabadilika na ruta haijabadilika. Kilichobadilika ni kumbukumbu ya mashine.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, utafute mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika `ping -n 100 192.168.1.1` (ukiweka anwani ya ruta yako), amri inayopima muda wa kwenda na kurudi, yaani pingi, na usubiri pakiti zote 100, vifurushi vidogo vya data, ziishe. Nne zinazotumwa kwa kawaida hazikuambii kitu. Kwa kebo ya LAN majibu yanatakiwa kuwa milisekunde 1 au pungufu, bila hata pakiti moja kupotea. Kwa Wi-Fi nzuri ni 2 hadi 5, na mojamoja ikifika 10 si neno. Ukiona 4, 3, 180, 5, 240, kisha "Request timed out", acha kumpigia simu mtoa huduma. Tatizo limo humo ndani ya nyumba, kati ya mashine na ruta.

Ruta ikijibu vizuri, rudia kipimo hicho kwa `ping -n 100 1.1.1.1`. Hapo unapima nyumba pamoja na mtoa huduma. Namba kubwa isikutishe kama imetulia, maana gemu linaweza kuvumilia 90 isiyoyumba kuliko 40 inayoruka hadi 300. Upotevu wa pakiti ndio mbaya zaidi: kwenye magemu ya kupiga risasi hata pakiti 1 katika 100 utaihisi, na 5 katika 100 hakuna mechi hapo. Ukitumia `tracert -d 1.1.1.1` kufuata njia, usishtuke kituo cha katikati kikionyesha nyota tupu huku vinavyofuata vinajibu. Ruta nyingi za kampuni huziweka pakiti za pingi mwisho wa foleni au hazizijibu kabisa. Upotevu wa kweli huanzia kituo fulani ukaendelea hadi mwisho wa njia.

Umbali nao haudanganyiki. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 1 kwa kila kilomita 100. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, maana yake pingi haiwezi kushuka chini ya 25, na kebo ya baharini haiendi kwa mstari ulionyooka. Ulaya ya kati ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo 60 ni sakafu tu na hali halisi ni juu yake sana. Counter-Strike 2 na Dota 2 wana seva Afrika Kusini, basi hakikisha gemu jipya ulilosakinisha halijachagua kanda nyingine. Na kuna siku kosa liko chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikaona. Siku kama hiyo mashine iache ilivyo, kwa sababu utaharibu mipangilio mizuri ukitafuta kosa ambalo halimo.

Vipimo vikiwa vizuri na gemu bado limegoma, nenda kwenye fayawoli, yaani ngome ya Windows. Hapa ndipo tunapokuta kosa mara nyingi kuliko pengine popote, na wengi hulipita bila kuliona.

Gemu likifunguliwa mara ya kwanza na kutaka kupokea mawasiliano kutoka nje, Windows hutoa kidirisha kinachouliza kama unaliruhusu au hapana, chenye "Allow" na "Cancel". Shida ni kwamba gemu nalo linajaza skrini nzima kwa wakati huohuo, kwa hiyo kidirisha hubaki nyuma yake. Mtu anakuja kukikuta baadaye, hajui ni cha nini, anabonyeza "Cancel". Anadhani ameahirisha. Hakuahirisha: Windows imeandika kanuni mbili za kuzuia gemu hilo, moja ya TCP na nyingine ya UDP (njia mbili za kusafirisha data), nazo zinabaki hadi mtu azifute. Kwenye kompyuta ya familia ambako mtoto anatumia akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi ni vigumu zaidi kugundua, kwa sababu yeye haulizwi kabisa, na kwa kawaida kanuni za kuzuia huandikwa kimyakimya.

Kwa nini basi gemu linafanya kazi nusunusu? Kwa sababu fayawoli ya Windows huruhusu mawasiliano yanayotoka, na majibu yake huyaacha yarudi. Gemu linalotumia seva ya kampuni huanzisha mazungumzo lenyewe, kwa hiyo linapita. Mambo yanayohitaji mwenzako akufikie moja kwa moja ndiyo yanayokufa: sauti za kikosi, mechi ambayo mashine ya mchezaji mmoja ndiyo mwenyeji, mwaliko wa rafiki. Ukisikia mtu anasema "naingia lakini marafiki hawawezi kujiunga kwangu", kagua kanuni hizo kwanza.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `wf.msc`, kisha Enter. Upande wa kushoto chagua "Inbound Rules", panga kwa jina, utafute jina la gemu. Kanuni ya kuruhusu ina alama ya kijani, ya kuzuia ina alama nyekundu. Zifute zote nyekundu za gemu hilo. Kuongeza kanuni ya kuruhusu huku nyekundu zikibaki hakusaidii, kwa kuwa kwenye ngome hii kuzuia hushinda kuruhusu. Baada ya kuzifuta, weka gemu kwenye dirisha dogo badala ya skrini nzima, lifungue, na kidirisha kikitokea bonyeza "Allow".

Jirani ya hilo ni aina ya mtandao. Windows 11 ikikutana na mtandao mpya huuhesabu kuwa "Public", yaani wa mahali pa watu wengi, na hubana kila kitu. Wi-Fi ya nyumbani nayo kwake ni mpya. Fungua "Settings", "Network & internet", ingia kwenye sifa za mtandao uliounganishwa, chagua "Private network". Kwa amri, PowerShell ya msimamizi inakubali `Get-NetConnectionProfile` kuona hali ilivyo, na `Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private` kubadilisha. Ukicheza kwenye hosteli au mgahawa, acha ibaki "Public". Kule kuna mashine za watu usiowajua, na kubanwa huko kunakulinda.

Ukitaka kujua kwa hakika kama ngome ndiyo kikwazo, izime dakika mbili, jaribu, kisha iwashe. Kuizima moja kwa moja na kuendelea na maisha, kama baadhi ya mafundi wanavyomfanyia mteja ili aondoke ameridhika, ni kumwacha mlango wazi, na tunalipinga kwa nguvu.

Kuna watu wenye busara wanaoweka magemu kwenye diski D na Windows kwenye C, ili wakifuta mfumo wasipakue GB 100 upya. Ni mpango mzuri, hasa kwa anayelipia bando. Lakini ukirudisha programu za maduka ya magemu kama Steam au Epic na kulionyesha folda la D, mafaili yako mazima huku huduma za gemu hazijasajiliwa kwenye Windows mpya. Programu ya kuzuia udanganyifu huendeshwa kama huduma ya Windows, na huduma hiyo ilifutika na C. Gemu linafunguka, linafika kwenye kuunganisha seva, linafungwa au linatoa namba ya kosa inayotaja mtandao. Kwa magemu yanayotumia Easy Anti-Cheat, ingia kwenye folda la gemu, tafuta folda la EasyAntiCheat, fungua `EasyAntiCheat_EOS_Setup.exe` au `EasyAntiCheat_Setup.exe` kama msimamizi, uchague kusakinisha au kurekebisha. Kwenye Steam, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, "Properties", "Installed Files", kisha ukaguzi wa mafaili. Hukagua yaliyopo na kupakua yaliyoharibika tu.

Saa ya mashine inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu mtu huiangalia, akaona iko sawa, kumbe haiko sawa. Nakala nyingi za Windows zenye Kiingereza cha Marekani huanza na saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa nne asubuhi, skrini inaonyesha 11:00 PM ya jana. Mtu anazima "Set time automatically", anaandika tarehe ya leo na 10:00 AM kwa mkono, anaona sasa imekaa. Kumbe kanda ya saa hajaigusa. Kwa ndani mashine sasa inaamini dunia imesonga mbele kwa saa 11. Tovuti nyingi zitafunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama hudumu majuma au miezi na saa 11 hazivigusi. Ila tiketi ya kuingia kwenye gemu hudumu muda mfupi, pengine dakika chache au saa chache, kwa hiyo kila tiketi unayopewa mashine inaiona imekwisha kabla haijatumika. Ndiyo maana YouTube inacheza huku akaunti ya gemu ikikataa nywila iliyo sahihi.

Chagua kanda "(UTC+03:00) Nairobi", ambayo ndiyo ya Kenya, Tanzania na Uganda kwenye Windows, washa saa ya kujipanga yenyewe, kisha bonyeza "Sync now". Ikiwa saa inarudi nyuma kila ukizima kompyuta ya mezani, betri ya bodi imekufa. Ni ya sarafu, CR2032, hubadilishwa kwa dakika tano. Na kama una Linux pembeni kwenye mashine hiyohiyo, mifumo miwili huivuta saa kila mmoja kwake, kwa sababu Windows huiandika kwa saa za hapa na Linux kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kwenye Linux amri ya `timedatectl set-local-rtc 1` humaliza ugomvi huo.

Sasa NAT, yaani jinsi ruta inavyovitumikisha vifaa vyote vya nyumbani kwa anwani moja ya nje. Mtu aliyefungua poti, ile milango yenye namba, kwenye ruta yake mwaka juzi, tuseme 3074 ya Xbox Live, alizielekeza kwenye anwani fulani ya ndani. Kama anwani hiyo aliiandika ndani ya Windows, imefutika, na mashine sasa imepewa nyingine na ruta. Poti zinaelekea kwa 192.168.1.50 wakati mashine inakaa 192.168.1.23, na gemu linaandika NAT "Strict" au "Moderate". Usiandike tena anwani ndani ya Windows. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani kwa vifaa, uifunge anwani kwa namba ya kadi ya mtandao, ile `ipconfig /all` inayoiita "Physical Address". Hapo hata ukifuta Windows mara kumi anwani itabaki ileile. Sharti moja: "Random hardware addresses" kwenye mipangilio ya Wi-Fi iwe imezimwa kwa mtandao huo, la sivyo mashine itajitambulisha kwa jina la bandia na ruta haitaitambua.

Kama ulikuwa unategemea UPnP, inayoliacha gemu lijifungulie poti lenyewe, izime ruta sekunde 30 uiwashe. Ruta nyingine hushikilia poti iliyokodishwa kwa mashine ya zamani na kumnyima mpya.

Kabla hujamaliza jioni nzima kwenye kurasa za ruta, hakikisha kwanza kama poti zako zinafika nje kabisa. Angalia anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, iliyoandikwa kwenye ruta, kisha ulinganishe na anwani ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakuambia. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au ikianza na 10, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hali hiyo huitwa CGNAT, na kwa intaneti ya laini za simu ndiyo hali ya kawaida. Kufungua poti kwenye ruta yako hapo ni kufungua mlango wa chumba wakati geti la nyumba limefungwa na ufunguo anao mtu mwingine. Njia zilizobaki ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, ambayo wengine huilipisha kila mwezi, au kutumia IPv6, mfumo mpya wa anwani, kama wanayo na gemu linaikubali, au kushikamana na magemu yenye seva za kampuni. Mengi ya leo ni ya namna hiyo, na NAT "Moderate" ndani yake haikuzuii kushinda mechi.

Kwa magemu ya Xbox kwenye kompyuta, tazama pia Teredo, njia ya Windows ya kupitisha IPv6 juu ya mtandao wa kawaida. Andika `netsh interface teredo show state`. Ikisema imezimwa au iko nje ya mtandao, fungua `services.msc`, utafute "IP Helper", hakikisha inaendeshwa na imewekwa "Automatic". Programu za "kusafisha Windows" zinazogawiwa mitandaoni hupenda kuizima huduma hiyo zikidai zinaongeza kasi.

Kuna kundi la makosa yanayovaa nguo za mtandao na hayahusiani na mtandao hata kidogo. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine) na Secure Boot (ukaguzi wa mfumo wakati mashine inawaka). Zikikosekana unapata VAN9001 au VAN9003 na kutolewa kabla hujafika lobi. Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 2025, nayo inadai Secure Boot. Hili linawagusa sana wenye kompyuta za mtumba. Microsoft ilitangaza Windows 11 kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache, lakini madukani mashine nyingi za kizazi cha 6 na 7 zinauzwa zikiwa tayari zina Windows 11 iliyopitishwa kwa kuruka ukaguzi wa TPM. Windows yenyewe inatembea vizuri, kazi za ofisi hazina shida, ila TPM 2.0 na Secure Boot zisipokuwepo au zisipowashwa, magemu haya yatakataa. Ukinunua mashine kwa ajili ya magemu, fungua `tpm.msc` palepale dukani uone kama "Specification Version" ni 2.0, na `msinfo32` uone "BIOS Mode" ni UEFI (namna mpya ya kuwasha mashine) na "Secure Boot State" ni On. Hayo yachunguze kabla hela haijatoka mfukoni.

Ikiwa TPM ipo ila imezimwa, huwashwa ndani ya BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows: kwa Intel huitwa PTT, kwa AMD huitwa fTPM. Ikiwa "BIOS Mode" ni Legacy, diski ilipangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR na inabidi igeuzwe mtindo mpya wa GPT. Hifadhi mafaili yako nje kwanza. Kisha kwa Command Prompt ya msimamizi endesha `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikipita, endesha `mbr2gpt /convert /allowFullOS`, ingia BIOS, badilisha kuwa UEFI, halafu washa Secure Boot.

Kabla ya kugusa BIOS kuna jambo tunaloliomba kwa msisitizo. Toleo la 24H2 la Windows 11 likisakinishwa upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, kwenye mashine zinazoweza, diski husimbwa yenyewe (hufungwa isisomeke bila ufunguo) bila wewe kuulizwa. Ukibadilisha mipangilio ya TPM au Secure Boot, mashine ikiwaka inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utoe, uandike kwenye karatasi, weka karatasi pembeni, ndipo uanze kazi. Asiyekuwa nao hupoteza picha na kazi zake zote, na hakuna fundi atakayemrudishia.

Draiva. Windows 11 huiwekea kadi ya Wi-Fi draiva yake yenyewe, na kwa kutembelea tovuti inatosha. Kwa gemu inaweza kuwa inakuunganisha kwa kiwango cha chini au inalala kila sekunde chache. Andika `netsh wlan show interfaces`. Tangu 24H2 amri hiyo hukataa mpaka uwashe ruhusa ya mahali ulipo, kwenye "Privacy & security", "Location", na wengi hudhani kadi imekufa. Soma "Radio type": ikisema 802.11n wakati kadi na ruta zote ni za 802.11ac au ax, mara nyingi umekwama kwenye GHz 2.4, masafa ambayo majirani wote wanayagombania. Pakua draiva kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa laptop yako kwa modeli yako kamili, kisha chagua jina la mtandao wa GHz 5. Kama ukuta ni mnene na 2.4 ndiyo inayofika, tumia chaneli 1, 6 au 11 tu.

Kwenye Device Manager, sifa za kadi, kichupo cha "Power Management", ondoa alama inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Laptop nyingine mpya hazina kichupo hicho. Kwa kadi za LAN za Realtek, zima "Energy Efficient Ethernet" na "Green Ethernet" kwenye kichupo cha "Advanced". Dalili yake ni mkatiko wa sekunde moja au mbili kisha mambo yanarudi kama kawaida.

Halafu kuna uzito wa siku za mwanzo. Mfumo mpya una mengi ya kupakua na kupakia, na kinachoua gemu zaidi ni kupakia. OneDrive inaweza kuanza kupandisha picha zako zote bila wewe kukumbuka kwamba ulikubali. GB 20 kwa njia ya kupakia ya Mbps 2 ni kama saa 22 za foleni, na muda wote huo pakiti za gemu zinasimama nyuma ya picha za harusi. Pingi ya 40 inageuka 400. Andika `resmon`, fungua "Network", upange kwa kinachotuma zaidi. Sitisha OneDrive, zima "Delivery Optimization" ndani ya "Windows Update" ili mashine isigawie wengine masasisho kwa bando lako, na ukitumia hotspot ya simu weka mtandao huo kuwa "Metered connection", yaani wa data inayohesabiwa. Au iache mashine imalize kupakua usiku mmoja kabla hujaihukumu.

DNS inasemwa kuliko inavyostahili. Hutafsiri jina kuwa anwani, basi. Mechi ikishaanza haina kazi tena, na kubadilisha kuwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8 hakupunguzi pingi ya mechi. Husaidia pale gemu linaposhindwa kuipata seva ya kuingilia, na hapo `ipconfig /flushdns` nayo inafaa kujaribiwa.

Ukubwa wa pakiti nao una dalili yake: kuingia kunaganda bila kosa, mapakuzi yanasimama katikati, lakini mechi ukiipata inaenda, kwa kuwa pakiti za mechi ni ndogo. Jaribu `ping -f -l 1472 1.1.1.1`. Ikisema pakiti inahitaji kukatwa, shuka hadi 1464. Ikipita hapo, kwa kawaida unatumia PPPoE, namna ya kuunganisha ya baadhi ya watoa huduma, na MTU yako, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ni 1492. Iweke kwa `netsh interface ipv4 set subinterface "Ethernet" mtu=1492 store=persistent`, ukibadilisha jina la kadi kulingana na lako.

`netsh winsock reset` na `netsh int ip reset` tunaziweka mwisho kabisa. Zinafaa zaidi kwa aliyepandisha Windows 10 kwenda 11 bila kufuta, ambaye amebeba mabaki ya VPN na antivirusi za zamani kwenye njia ya mtandao. Kwa mfumo uliosakinishwa upya hakuna mengi ya kusafisha, na amri ya pili hufuta anwani yoyote uliyoiandika kwa mkono.

Siku gemu litakapokubali, chomeka flashi kabla hujacheza mechi ya pili. Tuseme imesoma kama E. Tengeneza folda la `E:\hifadhi`, kwa sababu amri zifuatazo hazitalitengeneza zenyewe, kisha kwa Command Prompt ya msimamizi endesha `ipconfig /all > E:\hifadhi\mtandao.txt`, halafu `netsh advfirewall export E:\hifadhi\ngome.wfw`, na mwisho `pnputil /export-driver * E:\hifadhi`. Ya mwisho huchukua dakika chache na inaweza kujaza GB kadhaa kama una kadi ya picha yenye draiva kubwa. Piga picha kwa simu ukurasa wa DHCP na wa poti kwenye ruta, uziweke humo humo pamoja na ufunguo wa tarakimu 48.